Tofali Jepesi la Fundi Kitwana

Kitwana Mwishehe hakuwa na majivuno hata chembe. Alichokuwa akisema ni ukweli mtupu, na ukweli wenyewe ni kwamba tangu Mjerumani aondoke Bagamoyo hakujazaliwa mwashi mwingine wa kumfikia yeye. Aliusema ukweli huo sokoni, akausema kwenye mazishi ya watu, na nyumbani kwake Dunda aliusema kila mkeka wa chakula ulipotandikwa, hata mkewe Bimdogo akauhifadhi kwa ghibu.

Kazi aliirithi. Baba yake alikuwa mchoma chokaa, na ujana wake Kitwana aliumalizia Dar es Salaam kwa kontrakta mmoja wa Kihindi aliyemfundisha saruji. Miaka michache baada ya Uhuru akarudi kwao. Watu walidhani amefukuzwa. Yeye alieleza kwamba kontrakta alikuwa na tabia mbaya ya kupitisha timazi, ile kamba ya kupimia wima, kwenye kuta zilizokwisha kujengwa, jambo ambalo fundi mwenye heshima zake hawezi kulistahimili.

Umaarufu wake wa kweli uliletwa na kuku, ingawa kuku hao hakuwataja kamwe. Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu. Ausi, mtoto wa shangazi yake mwenye duka dogo pale Kerege, alimwita amjengee stoo ya bidhaa nyuma ya duka. Kitwana akafyatua matofali uani kwake. Alikuwa na desturi ya kumwaga pumba za mpunga chini ili tofali bichi lisigande ardhini. Basi siku moja alipokwenda kuswali adhuhuri, kuku wa Bimdogo wakaparura lile rundo la pumba lote likaingia ndani ya udongo wake wa saruji na mchanga. Mtu mwingine angeutupa. Kitwana alitazama huku na huku, akaona hakuna aliyemwona, akachukua koleo akakoroga.

Matofali yalipokauka yakawa mepesi kupita yale ya kawaida, na hayakuvunjika. Akajengea. Masika yakaja, mvua ikaipiga stoo ya Ausi kwa muda wa majuma, na ndani sukari ikabaki kavu kama ilivyotoka kiwandani. Tangu siku hiyo Kitwana akawa na siri ya kitaalamu. Aliyemuuliza ameipataje alijibiwa, "Kwa kufikiri."

Habari za tofali jepesi zikasafiri, zikamfikia Mzee Hieronimo. Huyu alikuwa katekista wa zamani aliyekwisha kustaafu mambo ya dini, kisha akachaguliwa mwenyekiti wa kijiji kipya kilichofunguliwa bara, mbele ya Fukayosi. Kijiji hicho kilichaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Kwenye ramani kilikaa vizuri, kimenyooka kama rula. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba hakikuwa na mchanga, wala maji, wala barabara ya kufikia. Lakini hayo ni mambo ambayo ramani haiulizwi.

Hieronimo alikuja Dunda amevaa kofia yake ya pama, akakaribishwa barazani.

"Shikamoo mzee," alisema Kitwana.

"Marahaba, fundi. Sisi tunataka ghala la mazao. Saruji tumepewa, si nyingi. Matofali itabidi yafyatuliwe huku kwenye mchanga. Lori litayafikisha mpaka kijitoni, na toka pale ni kichwa cha mtu. Nasikia wewe una tofali ambalo kichwa cha mtu hakijui kama kimelibeba."

Kitwana alijaribu kuonekana kama mtu asiyependa sifa. "Wanazidisha," alisema. "Kidogo tu."

Mkataba ukafungwa kwa kahawa. Kitwana akaanza kufyatua kwa kipimo kilekile cha kuku, kadiri alivyoweza kukikumbuka, na lori likapeleka shehena ya kwanza. Wabebaji walikuwa akina mama wa kijiji, wakiongozwa na Gertruda, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Gertruda alijitwisha matofali mawili, akatembea hatua chache, akasimama.

"Fundi," alisema, "haya ni mepesi kweli. Lakini njia ni ndefu na kilima kipo. Huwezi kuyapunguza uzito kidogo tena?"

"Naweza," alisema Kitwana. Na kwa nini asiweze? Pumba zilikuwa za bure, zimejaa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga kama vilima, mwenye mashine akimshukuru kwa kuziondoa. Shehena ya pili ikaja nyepesi zaidi, na akina mama wakamtungia wimbo njiani. Ulikuwa na jina lake ndani. Kitwana alitembea nyuma yao polepole ili wimbo usije ukaisha kabla ya safari.

Kisha akaja ofisa kutoka wilayani kukagua maendeleo. Alikuwa kijana mnene aliyevaa suti ya viongozi, ile ya Chou En-lai, iliyopigwa pasi hata mfukoni. Alipoonyeshwa tofali alilinyanyua kwa mkono mmoja, akalishika juu ya kichwa chake, na umati ukapiga makofi.

"Ndugu wananchi," alisema ofisa, "huu ndio utaalamu wetu wenyewe. Hatukuagiza Ulaya. Ndugu fundi, nikuulize. Je, tofali hili limefika mwisho wa wepesi wake?"

Hapo ndipo mtu mwenye busara angesema ndiyo. Lakini Kitwana aliulizwa mbele ya watu, na watu walikuwa wanamtazama.

"Bado kabisa," alisema.

Akarudi Dunda akaongeza pumba. Kichwani alikuwa na hesabu nyepesi kama tofali lenyewe: pumba kidogo zimeleta uzuri kidogo, pumba nyingi zitaleta uzuri mwingi. Na kwa macho hesabu ilikuwa sawa. Tofali la mwisho lilikuwa na umbo lilelile, rangi ileile, na likisimamishwa lilisimama. Pembe zake ziling'oka kidogo ukizikwaruza, lakini nani huenda kukwaruza pembe za tofali? Bimdogo ndiye aliyekwaruza. Alipita uani na ndoo yake, akagusa tofali kwa ukucha, akatazama chengachenga zilizomwagika.

"Baba Tabia, hili limeiva?"

"Mwanamke, mimi nakuuliza kama wali umeiva?"

"Huniulizi. Lakini ungeuona mbichi ungesema," alijibu Bimdogo, akaenda zake.

Ghala likasimama. Lilikuwa zuri, halina ubishi. Kitwana alitaka kulipiga lipu nje na ndani, maana ndivyo alivyofundishwa. Kamati ya kijiji ikakaa na kuamua kwamba lipu ni anasa, na saruji iliyobaki itengenezewe jukwaa la kuhutubia. Jukwaa likajengwa, na ofisa akalihutubia. Ghala likajazwa mahindi yaliyotoka vishamba vya majumbani, na korosho magunia kwa magunia. Kitwana akarudi kwao kusubiri wito wa kujenga mahali pengine pakubwa zaidi. Alikuwa tayari ameanza kusema kwamba Dodoma watamhitaji.

Masika ya mwaka wa sabini na tano hayakuwa na utani. Katikati yake Mzee Hieronimo alifika Dunda amelowa mpaka kwenye mifupa, pama imelala masikioni. Hakukaa.

"Fundi," alisema, "ghala limeota."

Kitwana hakuelewa. "Limeota nini, mzee?"

"Mahindi."

Walikwenda pamoja, wakipanda trekta na kumalizia kwa miguu ndani ya tope. Hieronimo alifungua mlango. Harufu iliwapiga usoni kwanza. Magunia ya ukutani yalikuwa yamechanika kwa kuvimba, na katika kila tundu la gunia palitokeza majani mabichi, membamba, yenye afya njema. Kijiji kile kilikuwa kimelima mashamba mawili ya pamoja, na yote mawili yaliungua kwa jua. Hili la ghalani ndilo la kwanza lililostawi.

Kitwana alikwenda ukutani akitafuta ufa. Aliutafuta kwa shauku, kama mtu anavyotafuta pesa aliyoangusha, maana ufa ungekuwa kosa la msingi, au la mvua, au la tetemeko la ardhi ambalo hakuna aliyelisikia. Hapakuwa na ufa. Toka usawa wa goti kwenda juu, ukuta mzima ulikuwa unatoa jasho. Maji hayakupita mahali pamoja. Yalipita kila mahali, yaking'aa juu ya tofali kama mafuta. Alipoweka kiganja akakuta baridi na utelezi, na alipokiondoa, kiganja kilibaki na unga wa saruji iliyolainika. Nje mvua ilikuwa inanyesha juu ya tofali lake, na ndani ilikuwa inatoka.

"Ile stoo ya Kerege ni kavu," alisema, zaidi kwa nafsi yake.

"Mungu aibariki stoo ya Kerege," alisema Hieronimo. "Ofisa anakuja wiki ijayo. Anataka kujua kama ni hujuma."

Neno hujuma miaka ile halikuwa neno la kuchezea. Kitwana alirudi nyumbani hana hamu ya kula, na kwa mara ya kwanza mkeka ukatandikwa na ukweli wake haukusemwa. Bimdogo alimtazama akamhurumia, jambo lililomuumiza Kitwana kuliko masimango.

Asubuhi yake alitoka kwenda Kerege. Akaizunguka stoo ya Ausi, akaigonga, akaibandikia sikio, mpaka wateja wakaanza kumwuliza Ausi kama ndugu yake mzima. Kavu. Tofali lilelile, pumba zilezile, fundi yuleyule. Tofauti ni wingi tu. Lakini kama wingi wa pumba ndio unaovujisha, mbona shehena ya pili, iliyokuwa na pumba zaidi ya hizi za Kerege, ilijengwa sehemu ya chini ya ghala na kule chini kulikuwa kukavu? Ingepasa ivuje kidogo. Haikuvuja kidogo, haikuvuja kabisa. Kisha mstari mmoja juu yake, mafuriko. Jambo hilo lilimkera kama punje ya mchanga jichoni.

Akakusanya makopo ya maziwa, akayatoboa chini, akafyatulia ndani yake vijitofali. Cha kwanza akakitia pumba kiasi cha kuku, na kila kilichofuata akakiongezea kikombe. Akavifunika kwa gunia lililoloweshwa mpaka vikashika, akaviacha vikakauka. Halafu akachukua buluu yote ya kufulia aliyoikuta kwa Bimdogo, akaikoroga ndani ya ndoo, akaanza kumimina juu ya vijitofali. Vya mwanzo vilikunywa kidogo, vikakataa. Maji ya buluu yakakaa juu yake kama dimbwi. Kilichofuata nacho vilevile, ila kilikunywa zaidi kidogo. Kingine kikafuata mwenendo. Kisha akafika kwenye kopo lililozidi lile la nyuma yake kwa kikombe kimoja tu, na hakuwa hata amekwisha kuiweka kata chini aliposikia miguu yake inalowa. Buluu ilikuwa imepita juu mpaka chini, kama vile hapakuwa na tofali.

Alifikiri ni bahati mbaya. Akafyatua vingine kwa nusu kikombe. Hivyo vikamchanganya zaidi: kimoja kilipitisha maji, mwenzake wa kipimo kilekile kikakataa. Akavivunja vyote kwa nyundo akavitazama matumboni. Ndani ya vile vikavu aliona madoa ya buluu karibu na uso tu, na kule kati kila pumba imelala peke yake katika kijichumba chake cha saruji, hakina mlango. Ndani ya vile vinavyovuja aliona nyuzi za buluu zinazotoka pumba hii kwenda pumba ile, zikizunguka, zikipotea, zikitokeza tena, mpaka ng'ambo.

"Bimdogo," aliita. "Njoo uone."

Bimdogo alikuja. Aliona ndoo, akaona miguu ya mumewe, akaona pakiti za buluu ziko tupu.

"Na kanzu zako za Ijumaa nitafulia nini?"

"Wewe tazama hapa. Matundu yapo katika yote. Hata katika hili kavu, matundu tele. Lakini hapa hayajuani. Kila moja na lake. Ukiongeza, hayajuani. Ukiongeza, bado hayajuani. Halafu unaongeza kikombe kimoja, na ghafla yote yamejuana, huyu na yule, yule na yule, toka mlango wa mbele mpaka wa uani. Maji yanatembea kama mwizi katika nyumba isiyo na makomeo."

Bimdogo aliinama akatazama kwa makini, maana hakuwa mtu wa kudharau kitu kabla ya kukiona. "Na saruji?" aliuliza.

"Saruji nayo imeachana mikono. Ndiyo maana pembe zinamung'unyika."

"Kwa hiyo," alisema Bimdogo, "umeharibu ghala la watu, halafu umemaliza buluu yangu, ili ujue kwamba nilivyokwambia halijaiva ni kweli halijaiva."

Kitwana aliokota vijitofali vilivyovunjika, akavifunga kitambaani.

Siku ya kikao walikutana ndani ya ghala lenyewe, kwa kuwa nje kulikuwa na mvua. Ingawa ndani nako mvua ilihudhuria. Ofisa alikaa kwenye kiti katikati, amejitenga na kuta. Kamati ilisimama nyuma yake, na kila mjumbe alikuwa amesahau nani aliyesema lipu ni anasa.

"Ndugu Kitwana," alisema ofisa, "mimi mwenyewe nilinyanyua tofali lako. Nimepigwa picha nalo. Sasa nataka uniambie: nani alikutuma kuongeza pumba?"

Hieronimo alitazama kofia yake. Gertruda alitazama mlango. Ofisa mwenyewe, inaonekana, alikuwa hakumbuki aliuliza nini siku ile mbele ya watu. Kitwana angeweza kumkumbusha, na usiku kucha alikuwa amepanga maneno ya kumkumbusha. Lakini alipoyatazama yale majani mabichi kwenye magunia aliona haya.

"Niliongeza mwenyewe," alisema. "Nilipenda kupigiwa makofi."

Kisha, kwa kuwa hakuweza kunyamaza juu ya jambo alilolijua, akatoa vijitofali vyake vilivyovunjwa akaanza kueleza. Akaeleza vyumba visivyo na mlango. Akaeleza kwamba pumba zikiwa chache hazina uwezo, hata zikizidi hazina uwezo, mpaka zifike kipimo fulani zigusane zote. Na zikigusana, hata saruji haiwezi kuzizuia.

Ofisa alikuwa anasikiliza kwa mashaka, lakini hapo uso wake ulianza kufunguka.

"Ngoja," alisema. "Unasema pumba moja ni dhaifu."

"Dhaifu sana."

"Lakini zikiungana?"

"Zikiungana hazizuiliki."

Ofisa alisimama. Alisema katika ziara zake zote hajapata kusikia siasa ya umoja ikielezwa kwa ufasaha namna ile na mtu wa chini. Alisema pumba ni wakulima, na saruji, bila shaka, ni ubepari. Kitwana alijaribu kusema kwamba katika habari hii pumba ndizo zilizoozesha mahindi ya wakulima, lakini Hieronimo alimkanyaga mguu. Ofisa akahutubia kwa kirefu, akahukumu kwamba hapakuwa na hujuma ila upungufu wa uzoefu, na kwamba fundi ataubomoa ukuta na kuujenga upya bila ujira. Akaondoka na kijitofali kimoja chenye buluu, akisema atakitumia kwenye semina.

Ujenzi wa pili haukuwa na wimbo. Matofali ya safari hii yalikuwa ya kipimo cha Kerege, yana uzito wake, na siku shehena ilipofika kijitoni Gertruda alimtazama Kitwana kutoka utosini mpaka nyayoni.

"Fundi, ngata hii hapa. Weka kichwani."

"Mama, mimi ni fundi. Kazi yangu ni mwiko."

"Kazi yako ilikuwa mwiko. Leo ni ngata."

Alijitwisha mawili. Kilimani shingo ilimzama mabegani, macho yakamtoka, na akina mama wakampita wakizungumza habari za watoto wao kama watu waliokaa sebuleni. Alifika juu akakaa chini bila kuchagua mahali. Gertruda alimletea maji katika kata. Maji yalikuwa ya tope, na Kitwana aliyatazama kabla ya kunywa.

"Ndiyo yetu hayo," alisema Gertruda. "Kisima tumekichimba mara nyingi, mchanga wa ubavuni unaporomoka kinaziba. Tukikijengea kwa matofali maji hayaingii. Tukikiacha hivi mchanga unaingia nayo."

Kitwana alikunywa. Macho yakamwendea kwenye rundo la matofali mabovu yaliyobomolewa, ambayo hakuna aliyejua pa kuyatupa.

"Mama," alisema, "mnataka kitu kinachopitisha maji na kuzuia mchanga?"

"Ndiyo."

"Kivuje pande zote bila kuwa na ufa?"

Gertruda alianza kucheka kabla fundi hajamaliza kuuliza.

Wakakichimba tena, wakakijengea duara kwa yale matofali, wakiyachagua yaliyo magumu zaidi. Maji yalijikusanya ndani polepole, siku za kwanza yakiwa na rangi ya chai kwa ajili ya pumba, baadaye yakaanza kuwa meupe. Kisima kikazinduliwa na ofisa. Katika hotuba waliotajwa ni kamati, mwenyekiti, na utaalamu wa wananchi; Kitwana alikuwepo pale, amesimama jua kali, na hakutajwa. Mwaka mmoja nyuma jambo kama hilo lingemlaza kitandani. Safari hii alijikuta anamtazama Gertruda akiteka maji, na akaona si vibaya.

Watu wa Dunda walimwita Fundi Sifongo, na jina hilo halikumtoka tena. Hakuwa mnyenyekevu, isidhaniwe hivyo. Aliendelea kusema ukweli juu ya nafsi yake, ila sasa aliongeza kwamba hakuna mwashi pwani nzima aliyewahi kujenga ukuta unaovuja vizuri kama wake.

Tabia binti yake alipokaribia kuolewa, Kitwana aliongeza chumba nyumbani kwa matofali mepesi, pumba kwa kipimo cha halali, na lipu ndani na nje. Masika ya kwanza yalipokuja, mvua ilinyesha toka magharibi mpaka alfajiri. Asubuhi alikikuta kitanda kimesogezwa mbali na ukuta, kimewekwa katikati ya chumba, na Bimdogo amekaa juu yake anasuka ukili.

Kitwana alipapasa ukuta toka pembe hadi pembe, akageuza kiganja akamwonyesha.

"Mkavu," alisema.

"Naona," alisema Bimdogo, bila kuacha kusuka. "Masika hayajaisha."